Taa ya cheki injini imewaka: nini cha kufanya, hatua kwa hatua

Taa ya njano yenye umbo la injini ikiwaka kwenye dashibodi, wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama tunaipuuza mpaka macho yanaizoea, ama tunakimbilia gereji na kutoka huko tumebadilishiwa plagi, koili na sensa mbili, pesa zimekwisha na taa bado inawaka. Taa hii inasema kitu kimoja tu: kompyuta ya gari imepokea kipimo kisichoingia akilini. Haisemi ni spea ipi imekufa. Kati ya taa kuwaka na spea kununuliwa kuna kazi ya kupima, na hiyo ndiyo kazi inayorukwa.

Nimeandika hasa kwa mwenye Toyota ya petroli iliyoagizwa Japani, yaani IST, Vitz, Passo, Premio, Probox na jamaa zake, kwa sababu ndizo zilizojaa barabarani kwetu. Mwenye Subaru au Nissan atakuta mengi yanamhusu pia.

Hatua ya 1: Angalia taa inawakaje

Usikanyage breki kwa hofu. Punguza mwendo, zima redio, sikiliza gari, kisha tazama: taa imetulia au inapepesa?

Ikiwa imetulia na gari linavuta kama kawaida, una muda. Maliza safari yako taratibu, panga kupima ndani ya siku chache.

Ikiwa inapepesa, na injini inatetemeka, basi injini inamisi vibaya. Kuna silinda inayopokea petroli lakini petroli haiungui. Inatoka mbichi, inaenda kuungulia kwenye masega (kile chombo cha kusafisha moshi, catalytic converter) ndani ya njia ya moshi, na joto hilo linaweza kuyayeyusha. Masega yakiyeyuka yanaziba njia, gari linakosa nguvu kabisa, na gharama iliyokuwa ya koili moja inageuka kuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo, kama unapanda mlima mkali kama Kitonga na taa imeanza kupepesa, ondoa mguu kwenye mafuta, tafuta mahali papana nje ya barabara, egesha, weka pembetatu. Mara nyingi mzigo ukipungua taa huacha kupepesa ikabaki imetulia. Hapo unaweza kujikongoja hadi mji wa karibu bila kulikimbiza gari. Ikiendelea kupepesa hata kwenye tambarare, tafuta gari la kuvuta. Najua kuvuta ni ghali.

Kisha angalia kama taa hii imewaka peke yake. Taa nyekundu yenye kidumu kinachodondosha tone ni ya presha ya oili, na ikiwaka injini inazimwa hapohapo, hata kama umebakiza mita mia kufika nyumbani. Taa nyekundu ya kipimajoto maana yake gari linachemsha. Toyota ndogo nyingi, Vitz na Passo zikiwemo, hazina mshale wa joto: kuna taa ya bluu asubuhi injini ikiwa baridi, inazima, na baada ya hapo huna taarifa yoyote mpaka nyekundu iwake. Ikiwaka, simama. Ya njano iliyotulia husubiri. Hizi mbili hazisubiri.

(Ile sauti ya dada wa Kijapani anayeongea kila ukiwasha gari haihusiki. Mara nyingi analalamika kwamba hujachomeka kadi ya kulipia barabara za kule kwao. Kuna watu wamepeleka gari kwa fundi kwa sababu yake.)

Hatua ya 2: Kagua mwenyewe, dakika kumi

Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika chache oili ishuke. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kabla ya lolote lingine. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili na safari imeishia hapo.

Maji ya rejeta yaangalie kwenye chupa ya akiba. Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa ya moto: maji yale yako kwenye presha, yatakuunguza uso.

Sasa fungua boneti na utumie macho na mikono. Soketi za waya zilizolegea. Waya uliotafunwa na panya, jambo la kawaida kwa gari linalolala karibu na stoo ya mahindi. Mpira mnene unaotoka kwenye ea klina kwenda kwenye injini: ukunjue kidogo kwenye mikunjo yake, maana huchanikia humohumo ndani ambako huoni. Fundi aliyebadilisha ea klina juzi akasahau kubana klipu moja anatosha kuiwasha taa.

Kuhusu mfuniko wa tangi la mafuta: video nyingi za Marekani zinaanza na ushauri wa kuukaza. Kule magari yana mfumo unaopima kama mvuke wa petroli unavuja, na mfuniko uliolegea huwasha taa. Gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina kipimo hicho. Ukaze tu, haikugharimu kitu, lakini usiweke matumaini hapo.

Hatua ya 3: Jikumbushe kilichotangulia

Kabla ya kumwona fundi, andika kwenye simu: taa imewaka lini, injini ikiwa baridi au ya moto, ukiwa kwenye foleni au mwendo kasi, kwenye mvua au jua. Halafu jiulize kilichofanyika siku mbili tatu nyuma.

Umeosha injini? Hili ndilo la kwanza kuuliza. Kijana wa kuoshea magari akipuliza maji ya presha juu ya injini, maji yanaingia kwenye visima vya plagi, yanakaa chini ya koili, na umeme unakimbilia pembeni badala ya kuruka kwenye plagi. Gari linaanza kumisi, taa inawaka. Dawa yake ni kuchomoa koili na kukausha visima kwa upepo wa kompresa, wala si kununua chochote.

Umejaza mafuta kituo usichokizoea? Mafuta yenye maji au yaliyochakachuliwa bado yapo, hata kama Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji. Kama gari lilianza kugoma kilomita chache baada ya kujaza, tunza risiti na mwambie fundi mapema.

Umepita kwenye maji? Umefanyiwa sevisi? Betri ilikufa ukabustiwa? Yote andika. Maelezo haya yana thamani kuliko sentensi ya "gari halina nguvu".

Hatua ya 4: Pima kwa mashine, na usifute kitu

Chini ya usukani kuna soketi yenye matundu 16. Mashine ya kupimia inachomekwa hapo, swichi inawekwa ON, na kompyuta ya gari inatoa namba za hitilafu zinazoanza na herufi P, kwa mfano P0301.

Unaweza kununua kifaa chako kidogo cha ELM327 kinachounganishwa na simu. Kwa Android cha Bluetooth kinatosha. Kwa iPhone hakikisha kinaikubali, maana vile vya bei ya chini vya Bluetooth ya zamani havionekani humo. Lakini jua hili kabla ya kutoa pesa: Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kupimia kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, wakati Japani ilichelewa. Ndiyo maana IST ya 2004 ina soketi ileile, kifaa kinaingia vizuri, taa yake inawaka, halafu simu inasema imeshindwa kuongea na gari. Gari si bovu, wala kifaa si lazima kiwe feki. Kwa magari hayo tafuta fundi mwenye mashine kubwa inayojua Toyota za Japani. Wapo pia wakongwe wanaounganisha kipande cha waya kati ya tundu namba 4 na namba 13, wanaweka swichi ON, na kuhesabu taa inavyopepesa ili wapate namba. Njia hiyo ni halali kabisa, ila usiijaribu kwa kubahatisha: tundu namba 16 lina umeme wa betri moja kwa moja.

Namba zikitoka, zipige picha zote. Kisha omba kuona kumbukumbu iliyohifadhiwa wakati hitilafu inatokea: joto la injini, mzunguko, mwendo. Kumbukumbu hii ndiyo shahidi wako, na inafutika mara tu mtu akibonyeza kufuta. Fundi anayefuta kwanza ili "tuone kama itarudi" amekupotezea ushahidi.

Hapa pia ndipo mahali pa kusema: "Fundi, leo nataka kupima tu. Nipe namba, nilipe ya kupima, halafu tuongee." Fundi mzuri hatakasirika.

Hatua ya 5: Namba si spea

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

P0300 maana yake injini inamisi bila kuchagua silinda. P0301 hadi P0304 inamisi silinda namba 1 hadi 4. Tuchukue P0301 kwenye injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye IST, Premio na Probox nyingi. Kuna watakaokuambia "koili zimekufa, lete nne". Subiri. Koili zimejipanga juu ya injini, kila moja imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10 na soketi ya waya. Silinda namba 1 ni ile iliyo upande wa mikanda, upande wa dereva kwa gari zetu. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa koili ya namba 1 uihamishie namba 3, na ya namba 3 uilete namba 1. Sasa, baada ya kuzipiga picha zile namba, futa, endesha mtaani mpaka gari limisi tena, pima upya.

Ikija P0303, tatizo limehama na koili: nunua koili moja. Ikibaki P0301, koili ni nzima na umeokoa pesa. Badilishana plagi kwa mtindo uleule. Plagi ikitoka itazame ncha yake. Rangi ya kahawia iliyokauka ni afya. Nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi. Imelowa oili, kuna oili inapita kwenye ringi au sili. Tatizo likibaki silinda ileile hata baada ya koili na plagi kubadilishana, zimebaki nozeli (inayopuliza petroli), waya wake, na mwisho kabisa kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), ambayo fundi anaipima kwa geji bila kufungua injini. Kipimo hiki chote hakihitaji spea hata moja.

P0171 maana yake hewa ni nyingi kuliko petroli. Wauzaji hupenda kuitafsiri kuwa sensa ya oksijeni, kumbe sensa hiyo mara nyingi ndiyo iliyotoa taarifa ya kweli. Mwombe fundi aonyeshe kwenye mashine asilimia ya petroli inayoongezwa na kompyuta. Ikiwa juu gari likiwa limesimama na injini inawaka, halafu inashuka karibu na sifuri ukipandisha mzunguko wa injini hadi 2500 kwa dakika, kuna hewa inaingia kwa wizi: mpira uliochanika, gasketi ya manifodi, bomba dogo lililochomoka. Ikizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, angalia sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu na filta ya petroli. Sensa ya hewa husafishwa kwa spreyi yake maalumu, bila kuguswa kwa kitambaa wala brashi wala petroli. Kinyuzi kilichomo ndani ni chembamba mno. Nimeona gari likirudi uhai kwa kopo moja la spreyi, na mwenye gari alikuwa tayari amelipia nusu ya pampu.

P0135 ni hita ya sensa ya oksijeni. Anza na fyuzi.

P0335 na P0340 ni sensa za krenki (shafti kuu ya injini) na kemshafti (shafti inayofungua vavu). Nissan X-Trail za T30 zinasifika kwa hizi: gari linazima likipata joto, likipoa linawaka kama hakuna kilichotokea. Hapa sensa yenyewe mara nyingi ndiyo mkosaji, ila soketi yake ikaguliwe kwanza, hasa kama imelowa oili.

P0011 inahusu majira ya kemshafti, mfumo wa VVT-i kwa Toyota. Oili iliyochoka au isiyo ya uzito sahihi inatosha kuileta. Badilisha oili na filta, safisha kichujio kidogo cha vavu yake, kabla ya kukubali habari za kufungua cheni.

Na P0420. Hii inasema masega hayafanyi kazi ipasavyo, na jibu la haraka la vijiweni ni "tuyatoe, gari litavuta". Litavuta kama yalikuwa yameziba kweli. Lakini ukiyatoa, kwa gari lenye sensa ya nyuma, namba hiyohiyo itabaki kwa sababu sensa haioni kazi ya masega, na moshi wako utawanukia wenzako. Zaidi ya hapo, ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Kuna soko la masega yaliyotumika. Anayekutolea bure kwa moyo mkunjufu anajua anachokifanya. Kabla ya kufika huko hakikisha gari halimisi, halili oili, na bomba la moshi halivuji karibu na sensa, maana kila moja ya hayo huleta P0420 kwenye masega mazima.

Kuhusu kuchomoa betri

Karibu kila mtu ana jirani anayemshauri achomoe waya wa betri dakika kumi taa izime. Itazima kweli. Utakuwa umefuta namba, umefuta kumbukumbu, na kompyuta imesahau ilichojifunza kuhusu injini yako, hivyo gari linaweza kutetemeka siku ya kwanza. Chanzo kikibaki, taa inarudi. Hairudi papo hapo kwa sababu hitilafu nyingi zinahitaji kuonekana katika safari mbili ndipo taa iwake, na hiyo siku moja au mbili ya amani ndiyo inayowafanya watu waamini wamepona.

Ukitengeneza chanzo bila kufuta chochote, taa huzima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa.

Hatua ya 6: Kununua spea na kumkabidhi fundi

Soma namba iliyochapwa kwenye spea ya zamani. Koili nyingi za 1NZ-FE zina namba kama 90919-02240. Nenda dukani na namba yako, sio na jina la gari peke yake. Gerezani na Shaurimoyo kwa Dar, Kirinyaga Road kwa Nairobi, Kisekka kwa Kampala, kote huko kuna orijino, kuna kopi, na kuna iliyotumika kutoka Japani. Maoni yangu: kwa koili na sensa, iliyotumika lakini orijino ni bora kuliko mpya feki yenye boksi zuri. Kwa plagi, nunua mpya. Mwombe muuzaji haki ya kurudisha ikikataa kufanya kazi, na aiandike kwenye risiti. Wengi hawarudishi vifaa vya umeme.

Kwa fundi, simamia. Spea ya zamani irudi mikononi mwako. Kama aliyepima ni mmoja na anayefunga ni mwingine, mpe anayefunga picha ya namba. Na ikiwa fundi umeme anasema ni waya na fundi injini anasema ni kompresheni, usibadilishe chochote mpaka mmoja wao akuonyeshe kipimo.

Kazi ikiisha, namba zifutwe kwa mashine, kisha endesheni pamoja kwa mazingira yaleyale yaliyoiwasha taa. Kama ilikuwa inawaka kwenye mlima ukiwa na abiria, kuzunguka gereji mara moja hakuthibitishi kitu.

Kama ndiyo unanunua gari

Mwambie muuzaji akuachie ufunguo. Geuza mpaka ON bila kupiga stata: taa ya injini lazima iwake, pamoja na za oili na betri, kisha ukiwasha injini izime. Isipowaka kabisa kwenye ON, mtu ameitoa balbu, ameifunika kwa tepu nyeusi au ameiunganisha na taa nyingine izime nayo. Halafu chomeka mashine hata kama dashibodi iko safi. Mashine nyingi huonyesha orodha ya vipimo ambavyo kompyuta imekwisha kuvikamilisha. Ukikuta karibu vyote havijakamilika, hitilafu zimefutwa muda mfupi uliopita au betri ilichomolewa. Omba kuliendesha gari kwa muda mrefu, upime tena kabla ya kulipa.